Iliki Pori Kwenye Pombe ya Kumaliza Msiba wa Baba

Kilosa, Jumamosi, saa saba na nusu mchana. Jua liko utosini, upepo hakuna.

Shajara, leo sina utani mwingi. Nimekaa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, simu iko kwenye chaji, naandika kwa kidole gumba. Nje, kwenye banda la jiko, kuna pipa la pombe limefunikwa kwa kitambaa cheupe na ungo juu yake. Kesho baada ya ibada ukoo wa baba utakaa kulinywa pipa hilo na kumaliza msiba. Mwaka umetimia tangu baba atutoke.

Ndani ya pipa hilo nimeweka kitu ambacho mama hajui.

Nyie wachache mnaonisoma humu mtandaoni mnaujua ugonjwa wangu. Napika kwenye gesti moja pale Mikumi, barabara kuu, wateja wangu ni madereva wa malori na wageni wa mbugani. Nikiwa na siku ya mapumziko napika pombe ya mtama kwenye ndoo, kidogo tu, ya kujaribia. Mwaka mzima nimekuwa nikijaribu mbegu za kwetu humo. Mbegu za ubuyu nilizikaanga, nikazitwanga, nikazitia. Jirani yangu alionja akasema inanuka karanga zilizoungua, kikombe akakimwagia mgomba. Mbegu za ukwaju zilinishinda hata kutwanga. Zilikuwa zinaruka kutoka kwenye kinu, moja ikanipata chini ya jicho, nikaenda kazini na alama na kila dereva akauliza nimegombana na nani.

Halafu nikakutana na iliki pori.

Kuna mama anauza matunda kando ya barabara, karibu na wanapoegesha malori. Aliniletea matunda mekundu marefu kama kidole. Ukilipasua unakuta nyama nyeupe yenye uchachu na mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Nilimuuliza mara mbili kama hajazichuma ndani ya hifadhi. Akanijibu zinaota bondeni nyuma ya shamba lake la migomba, na nikimuuliza mara ya tatu ataacha kuniuzia. Mbegu yenyewe ukiitafuna, kwanza inakuja harufu ya iliki, kisha kitu kati ya tangawizi na pilipili manga kinapanda taratibu na kukaa kwenye ulimi. Ndoo ya kwanza niliweka kijiko kimoja tu. Jirani yule yule wa mgomba alirudi na kikombe chake mara tatu.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Sasa nieleze habari ya mama, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nimejificha chumba cha nyuma. Mama yangu amepika pombe za ukoo huu tangu mimi sijaanza shule. Harusi, mavuno, misiba, wote wanamtafuta Mama Vero. Pombe yake haijawahi kurudishwa. Na kwetu, kabla mtu yeyote hajagusa, aliyepika anachota kata ya kwanza na kuinywa mbele ya watu wote, wakimwangalia. Hiyo kata ni kama kiapo. Anasema bila kusema kwamba kilichomo anakijua, na kwamba kama kina ubaya utaanza na yeye. Akishamaliza ndipo kata inakwenda kwa wazee.

Lakini mama hasikii tena ladha.

Ilianza wiki chache baada ya kumzika baba. Alipata mafua makali, pua ikaziba, ikazibuka, ila ladha haikurudi. Hospitali walimwambia asubiri. Amesubiri. Siku moja aliniambia kila anachokula ni kama maji ya moto, tofauti ni kwamba kingine kinatafunika. Hajamwambia mtu mwingine. Anapika kwa mazoea ya mikono na masikio. Anainamia pipa na kusikiliza jinsi linavyochemka, anasugua uji wa kimea kati ya vidole, anaangalia povu. Kuonja nimekuwa nikimwonjea mimi. Nikija kutoka Mikumi naingia jikoni, nachota kidogo, kisha namwambia mboga imekolea au bado. Ndivyo tunavyozungumza, kwa sababu kuta za jirani zina masikio.

Kwa hiyo mimi ndiye ulimi wa mama. Na tangu jana ulimi huo unamdanganya.

Sitaki kujipamba hapa. Nilipotoka Mikumi siku ya Alhamisi na kikaratasi cha mbegu kwenye mkoba, nilijiambia nitamuomba ruhusa. Nikafika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukakaa tukala, sikusema. Ijumaa asubuhi tukapika uji, ukapoa, tukatia kimea, sikusema. Nilikuwa na sababu nyingi: amechoka, ana mawazo ya msiba, atakataa kabla hajanisikiliza. Sababu ya kweli ni moja na nimeizunguka tangu jana.

Nilijua hataisikia.

Nimeandika sentensi hiyo nikataka kuifuta. Naiacha.

Mpango ulikuwa mzuri kichwani. Nilitwanga mbegu kidogo tu zipasuke, nikazifunga kwenye kipande cha kitambaa cha kuchujia, nikakidumbukiza ndani ya pipa mama alipokwenda kwa mama mdogo kuazima vikombe. Nilipanga kukitoa leo alfajiri. Pombe ingebaki na harufu yake, mbegu zingebaki mkononi mwangu, na kesho watu wangesema Mama Vero safari hii amejipita. Mimi ningecheka peke yangu.

Leo alfajiri nilizamisha mkono hadi kwapani. Kitambaa nikakipata. Fundo lilikuwa limefunguka. Kitambaa kitupu, chepesi, kinanuka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupika, na mbegu zote ziko ndani ya pipa.

Na hazikuwa kijiko kimoja. Ndoo ni ndoo na pipa ni pipa, kwa hiyo nilizidisha. Nilipomaliza kuzidisha nikaongeza konzi moja, mkono umejaa, ya kuridhisha roho yangu tu. Hiyo konzi ndiyo inayoniumiza sasa. Nimeonja. Naapa nimeonja mara nne na kila mara napata jibu tofauti. Mara ya kwanza niliona ni pombe bora niliyowahi kuiweka mdomoni. Mara ya pili nikaona ni dawa ya kikohozi. Mara ya nne sikusikia kitu, nikaogopa nimeambukizwa ugonjwa wa mama.

Povu nalo ni dogo. Pombe ya mama siku kama ya leo huwa inainua kitambaa. Hii imekaa tu, inanung'unika kidogo pembeni. Labda ni baridi ya jana. Labda nimeiua.

Asubuhi saa tatu Baba mkubwa alipita. Yeye ndiye kaka yake baba na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nikamwamkia, akaitikia, akaegemea mlango wa banda na kuliangalia pipa kwa heshima utadhani kuna mtu amelala pale.

"Shemeji, imeamkaje?" akamuuliza mama.

"Imeamka salama," mama akajibu. Hakugeuka hata kuniangalia, maana nilikuwa nimeshamwambia mboga imekolea.

"Mimi kesho naja na kiu yangu yote. Kwa msiba wa mdogo wangu siwezi kunywa pombe ya mtu mwingine."

Akaondoka. Mama akaendelea kupepeta mchele. Mimi nikaenda chooni nikakaa huko bila shida yoyote ya choo.

Na kuna baba mwenyewe. Kesho kata moja itamwagwa chini kwa ajili yake, kama ilivyo desturi. Baba yangu hakupenda kiungo chochote. Chai ya tangawizi aliiita dawa. Akiiona kwenye kikombe anauliza, "Nani anaumwa?" Huyo ndiye mtu ninayekwenda kumwagia konzi ya iliki pori, na hana hata namna ya kuitema.

Kitu kimoja tu nimekifanya sawasawa wiki hii, nacho ni togwa, uji wa kimea usiolevya. Mama mdogo aliolewa kwa Waislamu na wakwe zake watakuja kesho, kwa hiyo togwa yao iko kwenye sufuria lake mbali na pipa, na kata yake nimeifunga uzi mwekundu isichanganyike. Nimekagua uzi huo mara sita. Nadhani ninaukagua kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kukikagua bila kuogopa jibu.

Nimefikiria kumwaga pipa zima. Nitasema panya ameingia. Lakini kupika upya ni siku tatu, na siku yenyewe ni kesho.

Nimefikiria kuchuja kimyakimya na kunyamaza. Mbegu zitatoka, ladha itabaki. Mama atasimama mbele ya watu, atakunywa kata ya kwanza na uso wake mtulivu, ataapa kwa kitu asichokijua. Akimaliza atampa Baba mkubwa. Baba mkubwa akikunja uso, wote watamgeukia yeye. Hatajua hata kwa nini wamemgeukia.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Naweza kuivumilia picha ya watu kuitema pombe. Picha ya mama akiwa hajui wanatema nini siiwezi.

Namsikia anavuta kigoda kuelekea kwenye banda. Anakwenda kuikagua. Naenda.

*

Saa kumi na moja jioni. Jua limepungua makali. Nimerudi chumba kile kile.

Naandika kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Nilimkuta mama ameshaondoa ungo. Aliinamia pipa akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema kwa Kikaguru kwamba imenyamaza mno, kisha akarudia kwa Kiswahili kama anavyofanya akitaka nisijifanye sikuelewa. Nikasema labda ni baridi. Akachukua kata, akakoroga kutoka chini kabisa kama anavyokoroga siku zote, na mimi nikaona mbegu nyeusi mbili tatu zikipanda na kushuka. Macho yake si mazuri sana. Hakuziona.

Akachota kidogo akaweka mdomoni. Huwa anafanya hivyo hata sasa, kupima uzito wa pombe kwa ulimi, kama ni nyepesi au nzito. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika.

Alitafuna.

Akaacha kutafuna. Akabaki amesimama na kata mkononi, mdomo umefumbwa, macho yakiangalia ukuta wa banda. Nikasema, "Mama." Akatemea kiganjani, akakisogeza kiganja karibu na macho, akaigeuzageuza ile mbegu iliyopasuka kwa ukucha.

"Hii nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupanga, kikaratasi, kitambaa, fundo, konzi. Nilisema haraka haraka mpaka nikakosa pumzi. Nilitegemea atanikatisha.

Alichofanya ni kuchota tena. Safari hii alikuwa anazitafuta. Alipepeta kata kama mtu anayechambua mchele, akapata mbegu nyingine, akaiweka mdomoni peke yake, akaitafuna polepole upande wa meno aliyobakiza.

"Inawasha," akasema.

Nikasema samahani mama.

"Sikwambii uombe samahani. Nakwambia inawasha." Akagusa ulimi kwa kidole, kisha koo. "Imeshuka mpaka hapa."

Akakaa kwenye kigoda. Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ni ukali wa mbegu au ni nini, na yeye hakuyafuta. Nilipiga magoti pale kwenye majivu. Mwaka mzima nimemwona akila kwa wajibu, akimaliza sahani kwa sababu imewekwa mbele yake. Sikuwa nimewahi kumwona akingoja kitu mdomoni mwake kama alivyokuwa akingoja pale.

Nikauliza swali la kijinga. "Harufu je? Unasikia harufu?"

"Harufu hapana. Moto tu." Akafikiri. "Lakini ni kitu."

Ningependa kuishia hapo, shajara. Ingekuwa hadithi nzuri, binti mdadisi kamponya mama yake kwa mbegu za bondeni. Sikumponya mtu. Alipomaliza kutafuna aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamekauka.

"Ulijua sitaisikia."

Hakuuliza. Nikajibu hata hivyo.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana hukuniambia."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa kitu alichokuwa akikijua. Kama angenipiga kofi ningelia nikamaliza. Badala yake alichukua kitambaa cheupe akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, na mimi nikabaki nimepiga magoti nikijiona mdogo kuliko miaka yangu.

Nilimuuliza kama tuimwage.

"Msiba wa baba yako uishie kwenye mtaro?" Akaelekeza kwa kidevu. "Lete chujio. Na kitambaa kingine, kisafi. Tutachuja mara mbili, wazee hawana meno ya kuchezea."

Tukachuja. Tulifanya kazi hiyo karibu saa nzima bila kusema neno nje ya kazi. Inua. Shika hapa. Kamua. Mbegu zilibaki kwenye machicha kama dongo jeusi. Tulipoimimina kwenye pipa safi ilianza kunung'unika kwa nguvu kidogo, na mama akainama akasikiliza, akasema angalau iko hai. Povu likaanza kupanda.

Mwisho nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama anaona ni nzuri.

"Mimi nitajuaje, Vero?"

Aliisema kwa upole kabisa. Ndiyo maana imenikaa hapa kifuani na haitoki.

Kisha akasema jambo ambalo tangu lilipotoka mdomoni mwake sijaweza kula. Kesho kata ya kwanza sitainywa mimi, akasema. Utakunywa wewe. Kilichomo humu unakijua wewe peke yako, kwa hiyo wewe ndiye uliyepika. Utasimama mbele ya Baba mkubwa wako, utasema umeweka nini na umekitoa wapi, utakunywa yote mpaka chini ndipo umpe.

Nikamwambia watashangaa. Watu watauliza kwa nini si yeye, mwaka huu kuliko miaka yote, kwenye msiba wa mumewe.

"Wakiuliza nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba sisikii ladha."

Alisema hivyo huku anafunga kitambaa juu ya pipa, anakaza kamba. Nilimwomba asiseme. Nikamwambia nitasema mimi nimemlazimisha, nitasema anaumwa kichwa, nitasema chochote. Akanikatisha.

"Umeshanisemea vya kutosha."

Basi. Siri aliyoificha mwaka mzima itatoka kesho mbele ya ukoo, na itatoka kwa sababu ya konzi yangu. Baada ya hapo hakuna atakayemtafuta kwa harusi wala mavuno, au labda watamtafuta, sijui. Sijui watu watafanyaje. Nilitaka wamsifu kwa pombe ambayo hakuipika, na sasa wataanza kuitilia shaka hata ile aliyoipika kweli miezi yote hii bila kukosea.

Nimemuuliza pia kuhusu baba, ile kata ya kumwagwa chini, na chai yake ya tangawizi. Hapo tu ndipo alipocheka, kidogo, puani.

"Atalalamika. Alikuwa analalamika hata chumvi."

Nimejaribu kufanya mazoezi ya maneno ya kesho. Shikamoo Baba mkubwa, shikamooni wazee, pombe hii nimeipika mimi na mama yangu, ndani yake kuna iliki pori kutoka Mikumi. Nikifika kwenye "mimi" sauti inakatika. Nimejaribu mbele ya kioo cha mama, nimejaribu na kikombe cha maji, maji yakamwagika kwenye gauni. Nina hofu ya kuitema mwenyewe. Nina hofu itakuwa nzuri, na nitafurahi, mbele yake, siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuingia humu ndani aliniita. Nikadhani amebadili mawazo.

"Zimebaki?"

Nikampa kikaratasi. Zilikuwa zimebaki chache, hata kiganja hazikujaa. Alizimimina kwenye pembe ya kanga yake, akafunga fundo, akalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika. Akaniangalia mimi, akaliangalia fundo.

Sasa yuko sebuleni anapanga vikombe alivyoazima. Namsikia anavihesabu, anasimama, halafu mlio mdogo wa kitu kinachovunjika kwenye meno. Anasubiri. Halafu anaendelea kuhesabu.

Hii ni mbegu ya tatu tangu nianze kuandika. Sijui kesho nitamtazama nani nikishika ile kata, Baba mkubwa au yeye.